Thelathini na Nne Ifikapo Saa Tisa

Jumatatu, 15 Septemba 2003

Kompyuta imefika leo kutoka Biharamulo. Ilikuwa imeviringishwa kwenye blanketi la kijivu na kulazwa kati ya magunia ya mahindi, utadhani mgonjwa anayepelekwa hospitali. Ofisi ya huko imefungwa, hivyo sisi wa Kasulo tumerithi vitu vitatu: kompyuta, printa yenye kikohozi, na Mzee Aristides, ambaye sasa ndiye mkuu wangu. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, na kabla hajaniuliza jina akauliza jenereta letu linakunywa lita ngapi kwa saa.

Nilipomweleza kwamba naitwa Deodata, wa Mabawe, na kwamba mimi ndiye karani wa kompyuta, alisema, "Vizuri. Litawaka saa nane mpaka saa kumi na moja. Hakuna nyongeza."

Kazi yenyewe ni hii. Tuna kadi za wazazi walioko kambini Lukole ambao walipotezana na watoto wao walipokimbia Burundi. Tuna pia kadi za watoto wanaolelewa na watu baki, wengine vijijini Biharamulo, wengine kambi za Kibondo. Kadi nyingi zimekwisha kuingizwa, zimebaki kama mia nne. Nikimaliza, programu itamlinganisha kila mzazi na kila mtoto kwa jina, jina la mama, mlima wa kwao (Burundi mtu hutaja mlima badala ya kijiji) na umri, kisha itoe orodha ya wanaofanana. Orodha inatakiwa tarehe 10 Novemba. Ikiwahi, msafara utawaleta watoto mwisho wa mwezi huo. Ikichelewa, mvua itakuwa imekula barabara ya msituni, na watu watasubiri mpaka Juni.

Alhamisi, 18 Septemba

Alhamisi ni siku ya kupokea watu. Wa kwanza kwenye benchi alikuwa mama mmoja mwembamba, Nimpaye. Yeye anasema Kirundi, mimi namjibu Kihangaza cha kwetu, na hakuna neno linalodondoka njiani. Anamtafuta binti yake, Iradukunda. Mwaka tisini na sita, walipokuwa wakikimbia, yeye alikuwa na mgonjwa mgongoni, mama yake mzazi, basi mtoto akabebwa na jirani. Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Jirani alichukua njia nyingine gizani. Basi.

"Kadi yangu iko humo?" aliuliza akiitazama kompyuta.

"Iko, mama. Bado mashine haijaisoma."

"Nitakuja Alhamisi ijayo."

Jumapili, 21 Septemba

Mabawe kwa mama. Tumepanda maharage mistari kumi na mbili kwa imani tu, kwa sababu mvua haijanyesha. Mgongo unauma, roho imetulia.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimpaye amekuja. Bado.

Jumanne, 30 Septemba

Nimegombana na Mzee Aristides, au tuseme nimegombana naye moyoni, maana mdomo niliufunga. Yeye anasoma kadi, mimi naandika. Kumbe herufi R na L kwake ni mtu na ndugu yake. Amesoma "Ntwali", nikaandika Ntwali. Baadaye naiona kadi: Ntwari. Nimerudia majina arobaini na tatu.

"Binti," ameniambia, "andika kilichoandikwa, usiandike kilichosemwa."

"Mzee, kilichoandikwa unacho wewe mkononi."

Ameniangalia kidogo, kisha akaigeuza kadi ili nami niione. Tangu hapo tumekaa hivyo, kadi katikati. Kazi inakwenda. Lakini nimemwandika hapa kuwa ni mzee mgumu, bahili wa mafuta, na asiyeomba radhi.

Ijumaa, 3 Oktoba

Kadi zote ziko ndani. Saa nane kamili Nyanda, mlinzi wetu, amewasha jenereta, nami nikaanzisha ulinganishaji. Kwenye kioo kuna namba moja tu inayopanda. Saa tisa ilisoma asilimia 29. Saa kumi, 58. Saa kumi na moja, 87, na Nyanda akazima. Programu hii haihifadhi kitu mpaka ifike mwisho, na haikubali orodha nusu. Nimejaribu kuigawa, inataka yote. Betri ya akiba ilikufa zamani. Kwa hiyo asilimia 87 ni sawa na sifuri.

Nikamfuata Mzee. "Naomba nusu saa tu, siku moja tu."

"Hapana."

"Mzee, ni watoto."

"Hapana, binti. Jenereta halijui kama ni watoto. Linajua lita."

Nimelia kidogo chooni, kisha nimenawa.

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo nimempata mtu. Printa ilikuwa imegoma kabisa, wakatuletea fundi kutoka kambini, Niyonsaba, mwanamume wa miaka hamsini hivi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Bujumbura alikuwa anatengeneza kompyuta za benki. Printa ameimaliza kwa robo saa, kisha akabaki amesimama akiitazama namba yangu inavyopanda kwa uvivu.

"Nani ameipangia kumbukumbu yake?" aliuliza.

Nilimwambia sijui kama inapangwa. Akavuta kiti. Nayaandika maelezo yake hapa nisije nikayasahau.

Alisema, "Fikiria kumbukumbu ya mashine ni stoo ya mahindi yenye karani. Unamwomba gunia. Kwanza anafungua mlango wa safu. Halafu anatafuta gunia na kukutolea. Halafu anafunga safu ili aweze kufungua nyingine. Kila tendo anasubiri mapigo fulani ya saa. Huyu wako amepangiwa matatu kufungua, matatu kutoa, matatu kufunga. Tena saa yenyewe inapiga polepole, maana aliyeipanga alikuwa mwoga."

"Mwoga wa nini?"

"Karani ukimharakisha kupita uwezo wake hakwambii kwamba ameshindwa. Anakupa gunia la jirani."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nimepiga hesabu: ili imalize kabla ya saa kumi na moja, saa tisa namba isome 34. Si 29. Thelathini na nne.

Jumanne, 7 Oktoba

Fundi Niyonsaba amenionyesha ukurasa wa bluu, ule unaofunguka ukibonyeza kitufe kabla mashine haijaamka vizuri. Tumeongeza mapigo ya saa ya kumbukumbu kutoka milioni mia moja mpaka milioni mia moja thelathini na tatu kwa sekunde. Vipande vyote viwili vya kumbukumbu vimeandikwa kwamba vinaiweza hiyo kasi. Saa tisa: 31.

Jumatano, 8 Oktoba

Mvua ya kwanza. 31.

Alhamisi, 9 Oktoba

Leo tumegusa kitu kingine. Fundi anasema ndani ya stoo mna vyumba vinne, na karani wetu alikuwa anasubiri chumba kimoja kifungwe ndipo aende kingine. Sasa anaruhusiwa kufungua cha pili wakati cha kwanza kinajifunga. Saa tisa: 33. Saa kumi na moja ilikuwa 99.

Tisini na tisa! Nyanda alikuwa ameshika swichi, mimi nimemshika Nyanda mkono. "Dada," aliniambia, "Mzee anatazama." Kweli alikuwa anatazama, kutoka dirishani. Akatikisa kichwa. Nyanda akazima.

Nimpaye alikuwa bado yuko kwenye benchi. Nikamwambia bado.

Ijumaa, 10 Oktoba

33 tena.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimeona jambo asubuhi ambalo linanilazimisha kurudi nyuma katika daftari hili. Mvua ilikuwa inapiga tangu alfajiri. Walikuja watu wanne na mwanamke kwenye machela ya miti, uchungu wa tangu juzi, mtoto amekaa vibaya. Gari letu lilikuwa limekauka mafuta. Mzee Aristides alitoka na koti lake la ofisini, akafungua stoo, akabingirisha pipa na kumimina dizeli kwenye tangi kwa mikono yake, mvua inamchuruzika shingoni. Gari likaenda hospitali. Jioni dereva amerudi na habari: mtoto wa kike, mama mzima.

Nyanda ndiye aliyenieleza. "Ile dizeli anayokunyima ndiyo hiyo. Biharamulo mwaka jana walichezea akiba, gari likashindwa kuondoka. Mtu akawafia mlangoni."

"Kwa nini haniambii?"

"Wewe umemuuliza?"

Sikumuuliza. Nilimwomba nusu saa, nikamlaani kimoyomoyo, nikaenda chooni.

Jumanne, 14 Oktoba

Sikukuu. Nimefua.

Alhamisi, 16 Oktoba

Fundi amekuja akiwa na disketi mfukoni, ameifunga kwenye nailoni. Anasema imebaki hatua moja: kumshusha karani kutoka mapigo matatu mpaka mawili. "Lakini vipande vyako ni viwili na havikuzaliwa siku moja. Kimoja nakiamini, kingine sikijui. Tukishapanga, tuiendeshe disketi hii mchana mmoja mzima. Yenyewe inaandika na kusoma, inaandika na kusoma, mpaka karani akosee. Asipokosea, ndipo tumwamini majina ya watu."

Tumepatana iwe Jumatatu. Ameniachia disketi.

Nimpaye ameleta ndizi mbivu, chana moja. Nimekataa, akaniwekea mezani, akaondoka.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mvua imekata daraja la njia ya kambini, fundi hajafika. Nimekaa na disketi yake mkono mmoja na kalenda mkono mwingine. Kuiendesha disketi ni kupoteza mchana mzima. Nikajiambia, mtu akisubiri kila kitu kiwepo hapiki chakula. Nikaingia ukurasa wa bluu mwenyewe. Kufungua, mawili. Kutoa, mawili. Kufunga, mawili. Nikahifadhi. Mashine ikaamka vizuri kabisa.

Saa tisa: 35.

Nimeandika namba hiyo kwa herufi kubwa kwenye kiganja. Saa kumi na dakika hamsini na moja ikafika mia, na kioo kikaandika kwa Kiingereza kwamba kazi imekamilika. Nilipiga kigelegele. Nyanda alitoka mbio na rungu. Mzee Aristides alikuja, akavua kofia, akasoma kioo kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Bila lita ya ziada?"

"Bila tone, Mzee."

Akatabasamu. Ana mwanya, sikuwa najua.

Jumanne, 21 Oktoba

Tumechapa. Kurasa sitini na moja. Printa haikukohoa hata mara moja. Wali na maharage kwa mama lishe, nimemlipia Nyanda.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimpaye hayumo katika orodha. Nimeipitia mara tatu. Nilimwambia kwamba kuna wengi hawajapatikana, na kwamba mwaka mwingine utakuja. Aliniuliza kama nilikula zile ndizi. Nikasema nilikula.

"Basi," akasema, na akaenda.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nitaandika yote hata kama mkono utachoka.

Asubuhi Mzee Aristides aliniita. Siku tatu hizi alikuwa amejifungia na orodha, anaisoma kwa sauti, jina moja moja, kalamu nyekundu mkononi. Nilidhani ni uzee. Alikuwa ameweka alama kwenye ukurasa wa mwisho, ule wa watoto ambao hawakupata mzazi.

"Soma hapa," alisema.

Nikasoma: Iradukunda, mama Nimpeye, umri 50.

"Mtoto wa miaka hamsini," akasema. "Na mama yake ana jina ambalo Mungu hajaligawa kwa mtu."

Nitaandika nilichokisema, kwa kuwa nilikisema. Nilisema, "Mzee, labda ndivyo ulivyonisomea. Si unajua mwenyewe unavyosoma."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akairudisha. "Deodata," alisema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita kwa jina, "L na R nazichanganya tangu nazaliwa, na waliniadhibu shule nzima kwa sababu hiyo. Lakini A na E sijawahi kuzichanganya. Na kadi hii sikukusomea. Iliingizwa Biharamulo. Niliiandika mimi, kijijini Nyarubungo, uani kwa mama Verediana anayemlea, na mtoto mwenyewe amesimama mbele yangu anakula muwa. Alikuwa anaelekea miaka kumi. Nikaandika kumi."

Nilitaka ardhi inimeze. Badala yake nikavuta kiti, nikaomba kalamu nyekundu, tukaanza upya wote wawili, kadi katikati kama tulivyozoea. Mpaka mchana tulikuwa tumepata majina thelathini na saba yaliyoharibika. Niyonsafa badala ya Niyonsaba, jina kama la fundi. Ntwavi badala ya Ntwari. Umri 11 umekuwa 15. Nikayapanga kwenye karatasi, lililokuwa upande huu, lililokuja upande ule, nikayakodolea macho. A imekuwa E. B imekuwa F. R imekuwa V. Moja imekuwa tano.

"Hesabu kwa vidole," Mzee akaniambia. Nikahesabu. Kutoka A kwenda E, hatua nne. B kwenda F, nne. R kwenda V, nne. Moja kwenda tano, nne. Kila kosa lilikuwa limeruka hatua nne mbele. Mtu hakosei hivyo. Mtu hukosea ovyo ovyo. Hii ilikuwa ni mashine, inakosea mahali pamoja, kwa namna moja, kila mara inapozidiwa.

Anakupa gunia la jirani. Nilikuwa nimelisikia na nikalicheka.

Nilimweleza Mzee kila kitu: hatua ya mwisho, disketi, daraja, jinsi nilivyoona siku moja ni kubwa kuliko majina ya watu. Nikasema, "Nimekosa. Na lile neno nililokuambia asubuhi, naomba unisamehe, Mzee."

Halafu akasema, "Mimi nilikunyima nusu saa bila kukueleza sababu. Mtu asiyepewa sababu hutafuta njia ya mkato." Akainuka. "Majina ya awali unayo, kabla mashine haijayachezea?"

"Ninayo, kwenye disketi tano."

"Basi hakuna aliyekufa. Kunywa chai."

Jumatatu, 27 Oktoba

Daraja sasa linapitika. Fundi amekuja, nikamweleza. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Aliendesha disketi yake: dakika ya kumi na nane tu kioo kikajaa mistari myekundu. Akachomoa kipande kimoja, akaendesha tena: safi. Akabadilisha: nyekundu. Kipande cha kwanza kinamudu mapigo mawili, cha pili hakimudu. Kwa kipande kimoja peke yake mashine inapumua kwa shida: kwa saa moja 22.

Tukarudisha vyote viwili na mapigo matatu. 33. Tuko pale pale pa tisini na tisa.

Jumanne, 28 Oktoba

33. Siku kumi na tatu zimebaki. Senene wameanza kuanguka. Mzee Aristides amekaanga na kuleta bakuli ofisini. Kwetu Mabawe hatuwali sana. Nimekula kumi na moja.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimpaye hakuja. Niliangalia benchi mara nyingi.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nilimuuliza fundi swali ambalo nililiona la kijinga: "Karani ana kazi tatu. Ni ipi inayomshinda? Zote, au moja?"

Akaniangalia juu ya ule uzi wa miwani. "Hilo," akasema, "ndilo nililopaswa kujiuliza Jumatatu."

Tumejaribu moja moja, kila moja kwa disketi. Kutoa kwa mapigo mawili: nyekundu. Kufungua kwa mawili, mengine matatu: safi. Kufunga kwa mawili: safi pia.

Jumatatu, 3 Novemba

Sasa zote pamoja: kutoa matatu, kufungua mawili, kufunga mawili. Disketi imezunguka mchana mzima, muda wa saa tatu kamili, bila mstari mwekundu hata mmoja. Sikugusa kitufe. Nilifuma.

Jumanne, 4 Novemba

Disketi tena, kwa amri ya Mzee. Safi. Hakuna aliyelalamika, hata mimi.

Jumatano, 5 Novemba

Nimerudisha majina kutoka disketi zile tano. Saa nane Nyanda amewasha. Mzee Aristides ameleta kiti chake, amekaa kushoto. Fundi kulia. Hakuna aliyezungumza juu ya kompyuta. Wamezungumza juu ya mihogo.

Saa tisa: 34.

Saa kumi: 68. Mvua ikaanza, bati likapiga kelele, hatukusikiana tena. Saa kumi na nusu: 85. Saa kumi na dakika hamsini na saba ikaandika imekamilika, na Nyanda alipokuja kuzima alitukuta watu watatu wazima tunatazama kioo kama watoto.

Kwenye ukurasa wa tisa: Nimpaye, Lukole. Iradukunda, Nyarubungo, umri 10. Nimeusoma mstari huo, nikaulinganisha na kadi mbili, nikausoma tena.

Jumamosi, 8 Novemba

Tumesoma orodha yote kwa sauti, kadi kwa kadi, siku tatu. Mzee anasoma, mimi natazama. Hakuna jina lililoruka hatua nne. Anaposema "Ntwali" mimi naweka alama ya vyema kwenye Ntwari, na tunasonga mbele.

Jumatatu, 10 Novemba

Orodha imeondoka na gari la saa mbili. Familia mia moja na themanini na tatu.

Nimekwenda kambini mwenyewe, kwa miguu, kumtafuta Nimpaye. Alikuwa anapukuchua mahindi. Nilimwambia kosa lilikuwa langu, si la Mungu wala la kadi yake, na kwamba mtoto amepatikana. Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu. Kisha akauliza, "Anakula vizuri huko?"

Nilimwambia alionekana akila muwa.

Jumapili, 16 Novemba

Mabawe. Maharage yametoa maua. Mama anasema nimenenepa.

Alhamisi, 20 Novemba

Hakuna kitu leo. Mvua, chai, uji.

Ijumaa, 28 Novemba

Msafara umefika saa saba mchana, magari sita na polisi wawili mbele, matope mpaka vioo. Uwanjani watu walikuwa wamejipanga tangu asubuhi. Mzee Aristides alisimama kwenye ngazi na orodha, anaita majina, na hakuna aliyejali kama anasema L au R, kila mtu alilijua la kwake.

Iradukunda ameshuka kwenye gari la tatu, sare ya shule imepigwa pasi, mkono mmoja ameshikwa na mama Verediana aliyemlea. Mama Verediana ni mjane wa makamo, mtaratibu. Alikuwa amebeba mfuko wa nguo za mtoto, madaftari yake, na debe la maharage. Alimwamkia Nimpaye kama mtu anayefika kwenye nyumba ya mkwe.

Nimpaye alipiga magoti kwenye matope. "Umwana wanje," alisema. "Iradukunda, umwana wanje."

Mtoto alijificha nyuma ya gauni la Verediana. Akaniangalia mimi, pengine kwa sababu nilikuwa na kalamu. Akauliza kwa Kiswahili safi cha darasani, "Shikamoo dada. Huyu mama anasema nini?"

Kirundi alichoondoka nacho kilikuwa cha mtoto wa miaka mitatu, na kimekwisha. Sikuwa nimewaza hilo, katika majuma yote yale ya kuhesabu mapigo.

"Marahaba. Anasema wewe ni mtoto wake."

"Mwambie nina shule Jumatatu."

Nikamwambia. Nimpaye akasema nimwambie kwamba kambini pia kuna shule, na kwamba mama Verediana akitaka kukaa siku tatu, wiki, mwezi, mkeka upo. Nikamwambia mama Verediana. Akasema atakaa mpaka mtoto azoee, na likizo zote mtoto aende Nyarubungo, maana huko ana mbuzi wake. Nikamwambia Nimpaye. Akakubali mbuzi. Nilikuwa nageuka huku na huku, nikiogopa kukosea neno hata moja.

Kisha Nimpaye akaninyamazisha kwa mkono. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha mtu aliyejifunza kwa kuuza nyanya. Alitafuta kidogo kilichomo. Akajifuta matope kwenye kanga, akamtazama mtoto, akasema polepole, "Wewe. Njoo hapa. Chagua." Akafungua kifundo cha kanga. Mlikuwa na vipande vitatu vya muwa, vimemenywa tayari.

Mtoto alivitazama vyote vitatu, akachukua kile kirefu zaidi. Akauma. Akasema, akitafuna, "Mtamu."

"Mtamu," akasema Nimpaye.

"Huo ni Kiswahili. Kwenu mnasemaje?"

Nikafungua mdomo nitafsiri, nikaona mama amekwisha kuelewa, anamjibu. Nikafunga daftari, nikaenda kumsaidia Mzee Aristides kuita majina yaliyobaki.